Birika la Malkia kule Ras Al Khor

Cheka ukitaka, wenzangu pia walicheka. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, sina homa wala usingizi. Nilikuwa askari wa mlangoni kwenye bohari moja ya vitu vya kale hapa Dubai, kule Ras Al Khor, katikati ya magereji na maduka ya vipuri. Mimi ni mwanamke Mkristo wa Bungoma. Mambo ya majini nilikuwa nawaachia watu wa pwani.

Wiki ile lililetwa birika la shaba, refu, la kazi nzuri ajabu. Kadi yake ilisema lilikuwa la malkia mmoja wa visiwa vya pwani yetu, zamani sana, kabla Mreno hajafika. Kitakoni lilikuwa na tundu la kupita kidole changu. Tuliambiwa atakayeligusa hana kazi.

Adhuhuri, wenzangu wameenda kula, nikasikia baragumu. Nikadhani ni honi ya lori, maana huko malori hayaishi. Kisha nikasikia viatu vya mti vikigonga saruji, na mwanamke akapita mbele yangu, hariri mwili mzima, dhahabu masikioni na mikononi hadi viwikoni. Nilimwomba kitambulisho? Wewe ungemwomba? Ukikaa Dubai unajifunza upesi kumjua madam kwa mwendo wake. Nikasimama wima, nikasema, "Karibu, madam."

Akaenda moja kwa moja kwenye birika, akakunja mikono ya nguo.

"Nitilia mai, mwanangu, nitawadhe," akasema, kwa Kiswahili cha kale cha Lamu.

Haki ya Mungu, kazi yangu sikuikumbuka hata kidogo. Niliinua birika, nikakuta limejaa. Nikammiminia maji mikononi, usoni, miguuni, naye akatawadha taratibu, na kwenye lile tundu halikuvuja hata tone.

"Limefuata nini huku?" akauliza.

"Linauzwa, madam. Mnunuzi anakuja kesho."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Nalilitoa wakfu, watu watawadhie msikitini kwangu. Siku ile likawa la Mungu, si langu tena. Nani basi wa kuliuza?"

"Mimi ni askari tu, madam."

"Mlango u mikononi mwa nani?"

"Mwangu."

"Basi," akasema, akageukia ukutani akasali. Niliinamisha kichwa kwa heshima. Nilipokiinua hayupo, zimebaki nyayo za maji sakafuni.

Kesho yake mnunuzi akaja, na arbab, yaani tajiri wangu, akaniambia nifungue mlango wa bohari. Usidhani mimi ni shujaa, niliogopa. Kazi ile ndiyo iliyokuwa inawalisha wazazi wangu.

"Sir, hili ni la wakfu," nikasema. "Haliuzwi."

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe aliyelitoa."

"Khalas, yatosha. Lete ufunguo."

Nikampa. Mkono wangu ulikuwa mkavu, sikudanganyi, lakini ufunguo ulipoingia mkononi mwake ukaanza kuchuruzika maji. Akaufuta kwenye kanzu yake, ukachuruzika tena. Mnunuzi akautazama, kisha akanigeukia.

"Wakfu wa msikiti?"

"Ndiyo, sir."

"Mimi kitu cha msikiti sikiweki sebuleni," akasema, akaenda zake. Jioni ile ile nikafukuzwa.

Sasa nalinda jengo la nyumba za kupanga, Discovery Gardens. Birika, nasikia, bado liko pale pale rafuni. Nami kila adhuhuri mikono yangu hulowa yenyewe, maji baridi, hata nikiwa nimevaa glavu. Siumwi. Nasimama kidogo mpaka huyo ninayemmiminia amalize, kisha mikono hukauka.

Kwa hiyo nakuonya. Kitu kilichotolewa kwa Mungu usikinunue, hata kikikupendeza namna gani. Na ukiombwa maji na madam usiyemjua, mpe, si vizuri kumnyima mtu maji. Ila ujue unaingia kazini. Makaratasi yangu yana jina la kafeel mwingine, mdhamini wa kazi, lakini mimi namjua ninayemfanyia kazi.