Aliyeuona Mgongo wa Picha

Habari za kifo chake zilinifikia kwa barua kutoka Isiolo, majuma matatu baada ya mazishi. Wasomaji wa safu hii wamezoea kuniona nikiwaaga wakubwa, watu wa kupeperushiwa bendera. Leo namuaga mama mfinyanzi, Mtharaka aliyeolewa Isiolo akauza mitungi ya maji sokoni, na nasema bila haya kwamba hakuna mhadhiri aliyenifunza alichonifunza yeye.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya mji ule, kijana anayejiona ameisoma dunia akaimaliza. Kitabuni nilipata picha ya sanamu ya udongo kutoka kaburi la kale la Kichina: mnyama aliyechutama, ana uso wa mtu, pembe kichwani na kwato miguuni, aliyewekwa kumlinda maiti dhidi ya pepo na wezi. Nikaapa kwamba wanafunzi wangu watapeleka mfano wake kwenye maonyesho ya shule. Tulifinyanga wawili, wazito, udongo umejaa hadi ndani bila uwazi, tukawachoma kwa kuni na mavi ya ng'ombe. Walilipuka vipande vipande. Zikiwa zimebaki siku chache, nikameza kiburi nikaenda sokoni kwa yule mama wa mitungi.

Aliitazama picha muda mrefu, kisha akakigeuza kitabu kana kwamba upande wa pili angeuona mgongo wa yule mnyama. "Hii iko wazi ndani," akasema. "Na iko na shimo, nyuma ama chini." Nikamwambia kitabu hakikutaja shimo lolote. "Mwalimu, mwenye aliandika kitabu si yeye alichoma. Hewa itatokea wapi?" Nikabisha, sikutaka tundu ambalo waamuzi wangeliita kosa. Hapo akaanza kujifunga leso upya, tayari kuniacha. "Bila shimo, mimi sichomi. Ikipasuka, hii soko yote itasema mama wa mitungi ameharibu kazi ya shule." Sifa ya kazi yake ndiyo mali aliyokuwa nayo, nami nilikuwa namwomba aihatarishe kwa ajili ya ukaidi wangu. Nikakubali shingo upande.

Sanamu mpya aliyoichoma ilitoka motoni nzima, nyekundu, imekodoa macho. Kwenye maonyesho mwamuzi mmoja aliiinua, akaona tundu chini yake, akatupunguzia alama: ya Wachina haina shimo, alisema, kwani na yeye alikuwa ameiona picha. Mama alikuwa amesimama pale pale, kavaa nguo yake ya kanisani. Sikumtetea. Nilinyamaza, na aibu ile ninayo mpaka leo.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimeshaingia kazi hii ya kalamu, safari ilinifikisha ng'ambo, katika jumba la makumbusho lenye sanamu kama ile. Nikamwomba mtunzaji anionyeshe chini yake. Shimo lilikuwapo, limekatwa vizuri kwa kisu. Nilicheka peke yangu, kifua kimejaa fahari. Mwanamke wa kwetu ambaye hakuwahi kuketi darasani alikuwa ameijua kazi ya mfinyanzi aliyekufa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kwa kuangalia picha ya upande mmoja tu.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kumwambia, na kumwomba radhi. Radhi alinipa, habari ya shimo haikumshtua hata kidogo. Aliuliza tu ile sanamu ilifikaje huko. Nikaeleza kwamba kaburi lilifukuliwa na vilivyokuwamo vikachukuliwa. Akatikisa kichwa, mikono yake ikiendelea kukanda udongo aliouchimba Ngaremara. "Basi hiyo askari ilishindwa na kazi," akasema. "Lakini mwenye alifinyanga hakushindwa."

Sisi wenye vyeti tumezoea kusema kwamba watu wa miji kama Isiolo wanangoja kupelekewa elimu. Mimi niliipeleka, kitabu kwapani, nikaikuta imeshafika, imekaa chini sokoni inauza mitungi. Tuwaulize wenye kazi yao wangali hai, na wakisema kweli mbele ya watu, tusinyamaze.