Rozari ya Karanga

Nyumbani kwetu kulikuwa na rozari moja tu, ya mama, nayo ilikuwa imekatika uzi. Mama alizifunga punje zake katika kitambaa, akakiweka chini ya mtungi, akingoja mtu wa kwenda misioni Kasongo amletee uzi mgumu. Mtu huyo hakupatikana. Kwa hiyo sisi wasichana watatu tulisali kwa karanga.

Tulifanya hivi. Wakati wa kumenya karanga za mbegu, yaya mkubwa, yaani dada yetu wa kwanza, alipanga karanga kumi juu ya mapaja yake. Salamu Maria moja ikiisha, alichukua karanga moja akaitia kinywani. Mapaja yakibaki matupu, fungu la sala kumi limekwisha, na hakuna aliyepotea katika kuhesabu. Halafu yaya wa pili alipanga zake, halafu mimi zangu. Mama alikuwa amekataza kabisa kula mbegu, lakini hakuweza kukataza sala.

"Munatafuna nini pale?" aliuliza kutoka jikoni.

"Tunasali, mama."

"Sala gani iko na harufu ya karanga?"

"Leo ni ya matendo ya uchungu, mama," alijibu yaya wa pili, kinywa kimejaa.

"Uchungu mutauona siku nitapanda nusu shamba!"

Yaya wa pili alisali mbiombio ili ale upesi. Yaya mkubwa alimshika mkono. "Hiyo, Maria hakuisikia. Rudisha karanga." Yule wa pili alifungua kinywa chake wazi, amwonyeshe kwamba hakuna cha kurudisha, na sisi tukacheka mpaka tukasahau tulikuwa tumefika wapi.

Mimi nilikaa katikati yao. Mbele ya watu wengine sikusema. Nikiulizwa jambo, koo lilifungika, na kijijini waliniita bubu. Kwa dada zangu nilikuwa na sauti. Sikuwa na mahali pengine pa kuitumia.

Mwaka ule sote watatu tulikuwa tumeandikwa kupokea komunyo ya kwanza. Padri alifika upande wetu wa Kabambare mara mbili kwa mwaka, akipita kapela kwa kapela, yaani vikanisa vya vijijini, na kila kapela alilala siku moja tu. Kwetu sisi wadogo wawili ilikuwa komunyo tu. Kwa yaya mkubwa ilikuwa komunyo pamoja na ndoa, kwa sababu mwalimu wa dini alishika sheria moja: mtu hafungi ndoa kanisani kabla ya kupokea Mwili wa Bwana.

Mchumba wake alikuwa kijana wa kijiji cha pili, aliyejua kushona nguo zilizochanika vizuri kuliko mwanamke. Alikuwa ameandikwa kazi katika machimbo ya dhahabu, Salamabila, naye alitakiwa kuondoka Jumanne baada ya misa ile. Kule kambini nyumba alipewa mwanamume mwenye mke na karatasi ya ndoa. Asiye nayo alilala pamoja na wanaume wengi katika jengo moja.

Kulikuwa na mtu mwingine aliyemtaka yaya. Ni kapita wa pamba, msimamizi aliyezunguka mashamba yetu kwa niaba ya Wazungu na kusema shamba la nani lina magugu. Mwaka uliotangulia alisema ni la baba. Baba alilazwa chini mbele ya nyumba ya chifu, akapigwa kiboko, na sisi tuliitwa tuje kutazama. Kapita alikuwa na wake wawili. Baada ya kiboko kile alikuja kwetu na mbuzi, akasema amesikia kwamba binti mkubwa amekomaa.

Baba hakuwa amebatizwa, lakini hakutudanganya. Alimwita yaya mbele yetu sote akamwambia:

"Padri akiwafungisha ndoa safari hii, nitamwambia kapita: Mungu amekutangulia, chukua mbuzi wako. Asipowafungisha, siko na mudomo wa kumukatalia. Mugongo wangu unamujua."

Yaya alisema, "Atatufungisha, baba." Usiku ule na siku zilizofuata alisali kuliko sisi wote. Karanga za mbegu zilipungua sana, na mama hakuuliza tena juu ya harufu.

Mimi pia nilisali afunge ndoa, kama nilivyoambiwa. Lakini nilipofumba macho niliona njia ya Salamabila, na yaya akienda, kisha yaya wa pili akimfuata kumsaidia kulea mtoto, na mimi nimebaki na mapaja yangu na karanga kumi.

Jumamosi tulikwenda kuungama, tukarudi nyumbani. Mwalimu alitukumbusha mara tatu: tangu usiku wa manane hakuna chakula, hakuna maji, hakuna hata kumumunya kijiti cha kusugulia meno. Kwa kuwa hatukuwa na saa, mama alifunika mtungi mapema jioni na kuweka jiwe juu yake.

Jogoo alipowika tuliondoka. Njia ya kapela ilikuwa mwendo wa saa mbili. Yaya wa pili alitangulia na mwenge wa nyasi, na mama na baba walikuja nyuma na jamaa wengine. Yaya mkubwa alivaa gauni jeupe alilolishona mchumba wake. Kiunoni alikuwa amefunga kitambaa chenye karanga za kukaanga, za kuwapa watu wa upande wa mume baada ya misa. Alitembea kando yangu.

"Ninaogopa," aliniambia. "Tusali."

Akaanza. Aliutia mkono ndani ya kitambaa ili apate kuhesabu, kama siku zote. Salamu Maria ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwanga ulikuwa umeanza kuonekana upande wa mto. Nilimtazama usoni, nikaona taya lake linacheza.

Alikuwa anakula. Salamu Maria inaisha, mkono unapanda, karanga inaingia. Macho yake yalikuwa mbele, mbali sana, na midomo ilikuwa ya sala. Hakujua. Mkono wake ulifanya kazi uliyoizoea miezi yote ile, naye mwenyewe hakuwamo. Ningemshika kiwiko. Zilizokwisha kuliwa zilikuwa zimekwisha kuliwa, lakini ningemshika, angejua, na labda tungelia pamoja njiani na kuamua pamoja la kufanya. Sikumshika. Nilijibu sehemu yangu ya sala mpaka fungu likaisha.

Mbele ya kapela mwalimu alitupanga mstari. Alikuwa na fimbo nyembamba na karatasi ya majina. Watu walisimama pande zote mbili, na mchumba wa yaya alikuwa pale katika koti la kuazima, mikono ya koti imempita vidole. Mwalimu aliuliza kila mmoja swali moja.

"Tangu jana, umetia nini kinywani?"

"Hakuna, Mwalimu," alisema yaya wa pili.

"Tangu jana, umetia nini kinywani?"

"Hakuna, Mwalimu," alisema yaya mkubwa, na uso wake ulikuwa safi kama wa mtu anayesema kweli.

Akanifikia. "Na wewe, bubu? Tikisa tu kichwa, tusikae hapa mpaka kesho."

Watu walicheka. Nilitikisa kichwa kwamba hakuna. Mwalimu aliandika alama yake, akapiga hatua kwenda kwa mwingine. Hapo koo langu likafunguka, koo lile ambalo halikufunguka hata siku baba alipopigwa.

"Yaya amekula karanga."

Nilisema kwa sauti kubwa. Mwalimu aligeuka.

"Ee! Bubu amesema!" alipiga kelele mwanamke mmoja, na watu wakacheka tena. Walicheka kwa sababu walidhani ni mchezo wa watoto.

Mwalimu hakucheka. Alirudi kwa yaya. "Umekula?"

"Mimi? Hapana, Mwalimu. Sikukula kitu." Alinitazama, si kwa hasira, kwa kushangaa tu. "Mudogo wangu, nimekula wapi?"

"Njiani," nilisema. "Ukisali."

Alitazama kitambaa kiunoni. Kilikuwa kimelegea. Kisha nikaona ulimi wake unatembea ndani ya shavu, polepole, ukitafuta katika meno ya nyuma. Ulisimama mahali. Macho yake yalijaa maji.

Angeweza kumeza. Angeweza kusema mimi ni mwongo, na nani angemwamini bubu? Watu wote walikuwa upande wake. Mchumba alikuwa anamwashiria kwa kichwa: kataa, kataa. Yaya alifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Ni kweli, Mwalimu," alisema. "Iko hapa katika meno. Sikujua, lakini ni kweli."

Mwalimu aliingia kumwambia Padri. Padri alitoka akiwa tayari amevaa mavazi ya misa, ndevu zake zimetiwa maji. Aliuliza kwa Kiswahili chake kigumu, naye yaya akarudia yote bila kupunguza. Padri alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dhambi, hapana," alisema. "Lakini kupokea leo, hapana pia."

"Na ndoa, Padri?" aliuliza mchumba. Alikuwa amepiga magoti udongoni na koti la watu.

Padri alimtazama mwalimu, naye mwalimu akataja sheria. Padri aliifikiri kidogo. Asubuhi hiyo kulikuwa na watu wengi wa kubatiza, na mchana alitakiwa kufika kapela nyingine. "Basi, nitarudi baada ya mvua. Mungu anajua kungoja."

"Mungu anajua," alisema baba kutoka nyuma ya watu. "Kapita hajui."

Kengele ililia, na mstari ukaingia ndani. Niliingia nao.

Komunyo yangu ya kwanza iligandamana na kaakaa. Tulikuwa tumefundishwa kutoitafuna, kwa hiyo nilingoja iyeyuke yenyewe, na wakati nikingoja niligeuka kutazama mlangoni. Yaya alikuwa amepiga magoti nje, nyuma ya kizingiti, katika gauni lake jeupe, mikono imekunjwa vizuri kama alivyotufundisha sisi kuikunja. Nilijaribu kumwambia Yesu jambo lolote. Nilipata neno moja tu, nalo lilikuwa: atabaki. Nililisema kwa furaha. Siwezi kuandika kwamba lilikuwa la huzuni.

Baada ya misa yaya alikuja akafungua kitambaa, akanimwagia karanga zote mikononi.

"Kula, mudogo wangu. Wewe umepokea. Mufungo wako umekwisha."

Yaya wa pili alinipiga mikono kutoka chini, karanga zikaruka, na kuku wa mwalimu wakazikimbilia. "Bubu," aliniambia. Tangu nizaliwe hakuwa ameniita hivyo.

Jumanne mchumba aliondoka peke yake. Alipita kwetu asubuhi kuaga, akasimama uani bila kuketi. Yaya alimrudishia gauni. Kijana alilikunja mara nne, akalitia chini ya kwapa, akaenda. Ijumaa kapita alikuja na watu wake wawili kumchukua yaya na kisanduku chake. Baba hakutoka nyumbani. Mama alikifungua kile kitambaa cha chini ya mtungi na kumpa yaya punje za rozari bila uzi.

Mvua ilikwisha, Padri akarudi kama alivyosema. Yaya alifika kapela na njaa yake, hajanywa hata maji, akasimama mstarini kati ya wasichana wadogo. Mwalimu alipomfikia hakumwuliza swali. Alipita akamwuliza aliyemfuata. Mke wa tatu wa mtu hapewi komunyo, hata akifunga mwaka mzima. Yaya alijua hivyo. Alitoka mstarini akaenda kukaa kwenye ubao wa nyuma pamoja na wazee wasiobatizwa, na mwalimu akanifikia mimi mstarini, akasema, "Tangu jana, umetia nini kinywani?"

Nyumba ya kapita haiko mbali na kwetu. Nikipita kisimani namwona yaya mkubwa. Yaya wa pili haketi tena nami, anamenya karanga na mama, na hawasali kwa sauti. Kwa hiyo mwezi uliopita nilikwenda kwa yaya mkubwa peke yangu. Nilimkuta uani anachambua pamba, bega moja limevimba.

Niliketi karibu naye. Alichukua mbegu kumi za pamba, akazipanga juu ya mapaja yangu, moja moja.

"Punje za mama ziko wapi?" niliuliza.

"Bwana wangu amezitupa. Anasema zinaniletea kiburi." Akapanga kumi nyingine juu ya mapaja yake. "Hizi haziliwi. Nazo ni nzuri, mutu hawezi kukosea."

Tukaanza. Sala ikiisha, tulisogeza mbegu kutoka goti hili kwenda goti lile, na mwisho wa fungu mapaja yalikuwa bado yamejaa. Katikati ya fungu la pili aliacha, mkono juu ya mbegu.

"Ulitaka nibaki," alisema. "Si ndiyo?"

Koo langu lilifungika, kama mbele ya watu wengine. Kisha akainama, akaendelea na Salamu Maria peke yake, sehemu yake na sehemu yangu.