Asilimia Nne, Chini ya Blanketi

"Mama, uko wapi? Tunaona giza."

"Niko hapa, mheshimiwa. Niko chini ya blanketi."

Korti yote iliyokuwa ndani ya laptopu ikacheka: mawakili na tai zao, karani, na shemeji yangu, ambaye alikuwa amesimama mbele ya duka la fundi pale Nyamache, simu mkononi, meno yote nje. Hakimu hakucheka. Aliniuliza swali nililolingoja tangu nimzike mume wangu.

"Nani aling'oa miti ya mpaka?"

"Mheshimiwa, aliyeng'oa ni..."

Betri ikaisha. Nikabaki gizani, nikikitajia kioo cheusi jina la mwizi.

Sasa nitaeleza nilivyofika huko, na walionifikisha nitawataja. Majina siandiki, lakini wakisoma watajijua.

Kwetu Nyacheki mawingu hukusanyika kila alasiri kama watu wa matanga, bila kualikwa. Kuna siku radi ilipiga jikoni mwangu. Ikaua mbuzi, ikaunguza redio, mimi ikanitupa kando ya mbuzi na kuniacha hai. Shemeji alikuja kutoa pole. Alimtazama mbuzi kwa huzuni, halafu akanitazama mimi kwa huzuni zaidi. Maana mimi ndiye niliyebaki kati yake na mistari miwili ya majani chai ya marehemu ndugu yake. Miti ya mpaka ilipong'olewa, nikaenda kortini.

Siku hizi kesi nyingine husikizwa kwa mtandao, kwa hivyo binti yangu akaniachia laptopu yake ya zamani. Nikaipeleka kwa fundi wa Nyamache, nikamuuliza nifanye nini betri ikae. Huyo ndiye mkosaji wa kwanza.

"Iache tu kwa stima, mama," akasema. "Laptopu ni kama ng'ombe, iwe na majani mbele yake kila wakati."

Mimi shule niliachia darasa la sita. Aliyesoma akisema ng'ombe, nalisha ng'ombe. Kila siku tangu asubuhi ilikuwa kwenye stima, imejaa mia, na bado inalishwa.

Mkosaji wa pili ni dada yangu. Alitoka Kebirigo kuja kunilinda baada ya ile radi, ungedhani radi humwogopa. Ngurumo ikisikika tu, anachomoa kila kitu, kisha anafunika vitu vinavyong'aa visiite radi: kioo cha ukutani, sufuria, na laptopu. Laptopu ilipata blanketi zito kuliko yote. Haikuzimwa, ilifunikwa ikiwa macho, ikivuma humo ndani, ikichemka kama ndizi zilizovundikwa ziive. Na nisiseme uongo, upande wa pili wa blanketi nilikuwa nashika mimi.

Siku ya kesi niliambiwa niwe tayari saa tatu asubuhi. Tukawekwa mwisho kabisa. Kamera niliiacha wazi na mwangaza nikaupandisha hadi juu, korti isidhani najificha. Saa nane ngurumo ikalia na dada akachomoa waya. Sikujali, si ilikuwa imejaa? Nikameza mate, mia ikawa sitini. Nikakohoa, ikawa ishirini. Ndipo tukaitwa.

"Miwani yako inang'aa!" dada akapiga kelele.

"Niko mbele ya hakimu!"

"Hakimu ndiye atakayekuzika? Ingia!"

Blanketi likatushukia, mimi, miwani na asilimia nne.

Baadaye karani akanipigia: nikikosa tena, kesi itatupwa. Shemeji naye akatangaza sokoni kwamba nilizima mwenyewe kwa aibu.

Nikarudi kwa fundi. Alipofungua, betri ilikuwa imevimba kama ndizi mbivu.

"Mama, hii mmeipika! Nani aliifunika?"

"Na nani aliilisha bila kuipa nafasi ya kupumua?"

Akaweka betri nyingine bila kunitazama usoni, kisha akatoa maagizo ambayo angalinipa siku ya kwanza. Ikifika themanini, ichomolewe. Isingoje mpaka izime ndipo ichajiwe. Punguza mwangaza, funga kurasa zote usizotumia, kamera fungua ukiitwa tu. Ukimaliza izime kabisa, na iwekwe juu ya ubao mkavu, isiwekwe kwenye kitanda wala chini ya kitambaa.

Nimefanya yote. Mwangaza ni mdogo hata dada ananiuliza kama nasubiri kesi au namwangalia maiti. Yeye sasa anafunika sufuria zake na laptopu yangu haigusi. Juzi niliipima: niliichomoa nikiinjika mahindi na maharagwe, yakaiva, tukala, tukaosha vyombo, na ilikuwa bado na zaidi ya nusu.

Kwa hivyo, shemeji, kesi yetu ikiitwa tena, radi na ije na ukoo wake wote. Mimi nitakuwa mezani, uso wazi, miwani iking'aa. Nawe simama pale pale mbele ya duka la fundi, funga meno, umtazame hakimu umjibu: ile miti ndugu yako aliyoipanda kwa mikono yake, jembe lililoing'oa lilikuwa la nani?