Mlima Niliouchora Dirishani

Mimi ni dizaina niliyejifunza mwenyewe kwenye simu, na wateja wangu wa kwanza ni akina mama wa kampuni ya mboga huko Mgeta, kijijini kwenye milima ya Uluguru. Walitaka nembo yenye mlima kama unavyoonekana kwao. Niliona aibu kukiri sijawahi kufika, nikadanganya kwamba nimepanda nikauchora. Kumbe nilikaa dirishani mjini wiki tatu, nikiutazama ukungu ukishuka Uluguru taratibu, nikifuta na kurudia mstari uleule kama niko ndotoni.

Juzi niliwaonesha. Mwenyekiti, Mama Zainabu, akatabasamu.

“Mzuri, mwanangu. Ila huu ni mlima wa watu wa mjini, sisi tuko upande wa pili. Hebu tuambie, siku uliyopanda ulifikia kwa nani?”