Tomasi wa Pili

Mwanangu, iko Jumapili moja ambayo haijanitoka kichwani, na kila nikiikumbuka masikio yananiwaka kwa aibu. Jana ilinirudia tena, jirani yangu, uliponionyesha kile kitabu kinene ambacho shule imempa mtoto wako, ukaniuliza utamsaidiaje na wewe mwenyewe hukielewi. Nilicheka, nawe ukadhani nakucheka wewe. Kaa hapa nikuambie nilichokuwa nacheka.

Kitabu chetu kilikuwa ndugu wa hicho chako: hadithi ndefu ya Waingereza wa zamani, enzi za malkia wao Viktoria, yenye mvua nyingi, chai nyingi, na watu wasiosema wanachotaka. Binti yangu Nadine alikuwa na miaka kumi na miwili, kaka yake Landry kumi na minne. Mwalimu wa Kiingereza aliwaagiza watoto wa darasa la Nadine wakisome nyumbani pamoja na wazazi, kisha kila mmoja asimame mbele ya wenzake asimulie sehemu yake. Nadine alipangiwa mwisho wa hadithi.

Wakati ule nilikuwa nauza vitenge mtaa wa Asiatique, mjini, na Kiingereza changu kilikuwa cha kupatana bei na wateja wawili watatu kwa mwezi. Ningesema hivyo tangu siku ya kwanza, mambo yangeishia hapo. Lakini nilikuwa mwanamke wa kujisikia, mwanangu, sikufichi. Nikawaambia watoto, "Kiingereza? Muniachie mimi." Mume wangu, karani wa ofisi kule Kigobe, alikipima kitabu uzito mkononi, akanirudishia. "Iyo ni maneno ya Bazungu," alisema. "Mumalizane nayo."

Basi kila Jumapili baada ya misa tulikaa barazani kwetu Kibenga, karibu na ziwa. Mimi nilishika kitabu, Landry alishika kamusi ya Kiingereza na Kifaransa, Nadine alishika kipande cha chaki. Tulisoma mpaka jua lilipoanza kushuka, maana viboko wakianza kutoka ziwani kila mtu anaingiza watoto ndani. Chaki ilikuwa akili ya Nadine. Watu wa kitabu kile walikuwa wengi mno, kila mmoja na majina mawili matatu, hivyo akawachora ukoo wao wote juu ya saruji: nani kamzaa nani, nani dada wa nani.

Mimi nilipotea kila ukurasa. Kwa nini mgonjwa anapelekwa baharini badala ya hospitali? Kwa nini yule bibi amenuna kwa ajili ya barua ambayo hata hajaifungua? Landry aliuliza, nami nilijibu chochote kilichonijia mdomoni. Hata hivyo ilikuwa raha, sitasema uongo. Sijawahi kukaa na wanangu kwa muda mrefu vile bila redio wala simu.

Katika hadithi hiyo kulikuwa na msichana yatima, Klara, aliyelelewa na dada mkubwa wa mama yake. Mama mkubwa huyo alikuwa na mtoto wa kiume, Tomasi. Klara na Tomasi walikua nyumba moja, wakala meza moja. Sasa, Jumapili ninayokuambia, nilikuwa natanguliza macho mistari michache kabla ya kusoma kwa sauti, kama kawaida yangu, nikaona Tomasi anapiga goti na kumwomba Klara waoane. Na Klara anakubali. Na mama mkubwa anafurahi!

Jasho lilinitoka. Unajua kwetu: mtoto wa dada yako ni mtoto wako, na watoto wenu ni ndugu, basi. Lakini si hilo tu lililonitoa jasho. Nadine hakutoka tumboni mwangu. Aliyemzaa ni Espérance, mdogo wangu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, aliyefariki mtoto akiwa bado ananyonya. Nilivuka naye mpaka mgongoni, na tangu siku ile akawa wangu, na Landry akawa kaka yake. Hatukuwahi kumwambia. Niliona kwamba kusema "huyu ni wa marehemu" ni kama kumtengea sahani yake pembeni. Na sasa kitabu kinaniletea yatima, mama mkubwa, na mvulana wa nyumba hiyo hiyo, na chaki imeyapanga yote sakafuni mbele ya macho yake. Niliogopa kwamba mtoto atahesabu na kujiona mle ndani.

"Mama, endelea," Landry alisema.

"Tomasi anaomba Klara bawoane," nilisema. "Lakini si uyu Tomasi. Ni Tomasi mwingine, wa jirani."

Nadine aliinama juu ya mchoro wake. "Uyu wa jirani alitoka wapi? Atujamusoma."

"Alikuwa kule mwanzo. Mulikuwa munasinzia."

Akamchora Tomasi wa pili peke yake kando, karibu na chungu cha maua, bila baba wala mama. Na mimi, mwanangu, kuanzia siku hiyo nikawa na kazi ya kumlisha mtu ambaye hayupo. Mama mkubwa alipolia kwa furaha siku ya harusi ya mwanawe, nilisema analia kwa sababu Tomasi wa kwanza amepanda meli kwenda India. Ukurasa uliofuata Tomasi yuleyule akaingia ndani na kuni mkononi.

"Amesharudi?" Landry aliuliza.

"Amerudi."

"Lini?"

Nikamwambia asome kamusi yake aniache. "Mi nimechanganyikiwa," alisema, akajilaza chali. Mimi nilichanganyikiwa kuwashinda wote wawili, maana wao walikuwa na hadithi moja ya kufuata, mimi nilikuwa na mbili.

Ikafika siku ya kusimulia. Mchana nikamwona Nadine anaingia dukani kwangu Asiatique, sare imeloa jasho, kitabu kifuani, macho mekundu. Darasa zima lilikuwa limemcheka. Mwalimu alimuuliza amesoma kitabu gani.

"Mama, Tomasi ni mumoja," alisema.

"Kile Kiingereza ni kigumu," nilimjibu. "Nilikosea."

Akafungua ukurasa, akaweka kidole. "Apana. Ni apa ulisimama. Nilikuona. Uliona kitu, ukaogopa. Uliogopa nini?"

Nilichukua kitenge nikakikunja, nikakikunjua, nikakikunja tena. Nikaona sina pa kukimbilia. "Niliogopa utajihesabu mle ndani," nilimwambia.

"Juu ya Mama Espérance?"

Kitenge kikaniponyoka. Mtoto alijua! Alikuwa ameliona jina kwenye karatasi yake ya ubatizo miaka miwili nyuma, siku nilipomtuma aitafute kwa ajili ya komunio ya kwanza. Na mimi niliyemtuma sikukumbuka kilichoandikwa pale. "Nilizani autaki nijue," alisema. "Nikanyamaza, nisikuumize." Miaka miwili mtoto mdogo vile alikuwa ananilinda mimi, na mimi nikidhani namlinda yeye.

Nililia mbele ya wateja. Nikamwambia, "We ni wangu."

"Najua, Mama. Iyo ainisumbui." Alifuta pua kwa mkono wa sare. "Lakini siku nikikuuliza Mama Espérance alikuwa mutu ya namna gani, utaniambia kweli, ao utanitengenezea Tomasi wa pili?"

Swali lile lilinichoma, na linanichoma hadi leo. Nilifunga duka saa nane mchana, tukaketi juu ya marobota ya vitenge. Nikamwambia kwamba Espérance alicheka akifunika meno kwa mkono. Kwamba aliunguza maharage kwa sababu ya kuimba. Kwamba tuligombana juu ya blauzi, na alifariki kabla hatujapatana, na kwamba ndiyo maana jina lake lilikuwa linanikwama kooni. Akaniuliza mama yake aliwaza nini siku ya mwisho. Nikasema, "Sijui." Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mwanangu neno hilo. Aliegemea mkono wangu, na nilijua ameniamini.

Jumapili iliyofuata tuliusoma mwisho upya, kama ulivyoandikwa. Landry akauliza, "Kwa iyo anaolewa na kaka yake?" Nikajibu kwamba kwao ni sawa, kwetu sivyo, na kwa nini kwao ni sawa, sijui, tutamuuliza mwalimu. Landry akamtazama Nadine, akakunja uso kama aliyelamba ndimu, na Nadine akamrushia chaki. Kisha akachukua kitambaa chenye maji, akamfuta yule mtu wa karibu na chungu cha maua.

Basi, mwanangu, kaa na mtoto wako. Mpe chaki awapange watu wa kitabu, usimpangie. Soma kilichoandikwa, na ukipotea mwambie umepotea, mpotee pamoja, mtarudi pamoja. Ukifika ukurasa unaokutoa jasho, usiuruke wala usiupake rangi, maana mtoto anatazama uso wako kuliko anavyotazama kitabu. Na kama kuna jambo la nyumbani hujamwambia, mwambie wewe, kabla halijasemwa na karatasi.

Mimi hadi leo sijaelewa yule Klara alikubalije. Nadine ana watoto wake sasa, na bado ananiita Mama, na akiniuliza jambo namjibu. Mungu akujalie watoto wasioogopa kukuuliza, akupe moyo wa kusema sijui, na nyumbani kwako asikae kamwe Tomasi wa pili.