Barua Niliyowasomea Wanawake wa Mwethya

Reli ilipofika upande wetu wa Makueni, mimi nilitaka tujenge kalvati moja tu, njia ya mawe ya kupitisha maji chini ya reli. Mawe nayajua. Mwethya wetu, kikundi cha wanawake wanaosaidiana kazi bila malipo, tulikuwa tumejenga mabwawa ya mchanga kwenye mito mikavu kutoka Kalamba mpaka ng'ambo ya Kitui, na mshika pimamaji nilikuwa mimi. Hakuna bwawa hata moja lililobebwa na mafuriko. Nilijigamba hivyo kwenye ofisi ya kaunti mjini Wote, na ningejigamba tena.

Kijana wa tenda alinisikiliza vizuri, kisha akafunga faili.

"Mum, hii si tenda ya kaunti. Pesa ni ya mkopo, na mkataba umesema kontrakta atoke kwa hao wametukopesha. Nyinyi mtapata kibarua tu. Mkimaliza, itisheni barua ya kuonyesha mlijenga. Na hiyo mtaomba kazi ingine kama kampuni."

Tulibeba mawe miezi mingi kwa sababu ya barua hiyo. Msimamizi mgeni hakuwa mtu mbaya. Ukuta wa kalvati waliojenga mafundi wake ulipopasuka, alituachia tuubomoe na kuujenga upya tunavyojua sisi. Tulipomaliza alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye viungo vya mawe, akacheka kwa furaha. Nikajua barua tumeipata.

Ilikuja baada ya kazi kuisha, kwa Kiingereza, ikiwa na muhuri mzuri. Wenzangu wengi hawasomi Kiingereza, kwa hivyo tulikutana nje ya kanisa niwasomee.

"Soma polepole, fundi," mwenyekiti wetu akasema. "Tusikie vile wametuandika."

Walikuwa wametuandika vibarua wasio na ujuzi, waliobeba mawe kwa bidii na kufagia kambi. Kufagia! Nikaitazama mikono ya wenzangu, sugu tupu, nikashindwa.

"Inasema sisi ni mafundi," nikasoma. "Inasema ukuta wetu ni imara."

Wakapiga vigelegele. Mmoja akalia. Mwenyekiti akaifunga barua kwenye leso safi, akanikabidhi niipeleke Wote Jumatatu tuandikishe kampuni, maana kuna kipande kingine cha reli kinakuja.

Niliwaambia Jumatatu nina kliniki. Nimeshawaambia hivyo mara tatu, na sasa wanapokezana kuniletea uji, wakidhani naumwa.