Mistari Niliyoitupa

Yule mama sikumpenda tangu siku ya kwanza, na sioni aibu kusema. Alikuwa karani wa shule ya chekechea ya Kawe aliyokuwa anasoma mtoto wa dada yangu. Karani huyo alikuwa mwalimu mstaafu kutoka bara, wa kuitikia shikamoo yako bila kuinua macho. Kazi ya kuwatengenezea programu pale dada ndiye aliyenitafutia. Mkuu wa shule alitaka mlinzi wa getini awe na tableti: mtu akija kumchukua mtoto, mlinzi anaandika jina la mtoto, majina ya walioruhusiwa yanatokea, anakagua kitambulisho, basi.

Majina yenyewe yalikuwa kwenye kompyuta ya karani, katika ukurasa mmoja mrefu wa wavuti alioujazia miaka nenda rudi. Ukurasa wa namna hiyo una maneno, na kuzunguka maneno kuna tagi, yaani alama zinazoiambia kompyuta hili lionyeshe kwa wino mzito, hili lipige mstari katikati. Nilikuwa na programu ya kuchambua tagi. Nikaiunganisha na skripti yangu fupi, maagizo machache kwa kompyuta: soma ukurasa, chukua maneno, tagi tupa kule. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, na nilijiona bingwa.

Karani alisimama nyuma ya kiti changu amenuna. Akasema yeye jina halifuti. Rejista ya shule haifutwi, mtu akitolewa unampiga mstari katikati ili jina lizidi kusomeka, ndivyo alivyofanya maisha yake yote darasani. Kweli, majina kadhaa pale yalikuwa yamepigwa mstari. Akataka kujua mistari yake itakwenda wapi.

"Mama, hayo mapambo kompyuta haiyahitaji," nilimwambia.

Akaniita binti mwenye kiburi, akaniuliza kama kwetu ndivyo nilivyofunzwa kujibu wakubwa. Nilibeba laptopu yangu nikaondoka bila kuaga. Kwenye bajaji nilikuwa namsema peke yangu, eti mapambo yake, eti rejista yake, mpaka dereva akanitazama kwenye kioo. Na nilikuwa nimemwelewa vizuri sana. Kuirekebisha skripti kungechukua dakika kumi, lakini kungekuwa kumpa yeye ushindi, na mie nilikuwa radhi nife kuliko kumpa.

Wiki ya pili tangu tableti ianze kutumika, shemeji akafika getini saa sita mchana. Alishaachana na dada kwa ngumi na vitisho, na dada alishaiambia shule zamani kwamba huyu asipewe mtoto. Karani alishalipiga jina lake mstari. Mlinzi akaandika jina la mtoto, jina la baba likatokea kwenye tableti, safi, halina mstari wowote. Kitambulisho kikalingana. Mtoto akamrukia baba yake, wakaondoka.

Sie tulijua saa tisa, dada alipokwenda kumchukua. Tulikwenda Segerea alikopanga shemeji, mwenye nyumba akatuambia kahama. Simu imezimwa. Polisi walitaka picha ya mtoto, dada akawa anapekua simu yake, kila picha anaona siyo. Siku nne hakula kitu. Siku ya tano shangazi yake shemeji akapiga kutoka Tanga, mtoto yuko kwake, kaachwa akiwa na homa, tukamchukue. Tukamchukua.

Tuliporudi, mkuu wa shule akatuita ofisini. Karani akasema bila kupindisha kwamba jina alilipiga mstari, na kwamba alinionya. Dada akanigeukia, macho yamemvimba.

"Alikwambia?"

"Hakuniambia kitu, dada. Huo mstari kaupiga juzi, baada ya mtoto kupotea."

Hivyo ndivyo nilivyosema, na sikubabaika hata kidogo. Nilikuwa bado nina hasira naye, Mungu anisamehe, hata pale. Karani akachukua pochi yake, akatoka. Mkuu wa shule hajui tagi wala skripti, akamwamini mtaalamu. Yule mama akaachishwa kazi wiki ileile, na mie ndiye niliyeitwa kurekebisha programu ili iruke jina lolote lililopigwa mstari.

Juzi tumekutana naye sokoni, anachagua nyanya. Nikamwamkia kwa mazoea, hakuitika. Dada akasonya, akasema kwa sauti ya kusikika meza ya tatu kwamba huyo ndiye mchawi aliyetaka kumpotezea mwanawe. Yule mama akaweka nyanya chini akaenda zake bila kununua. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale. Nikamshika mtoto mkono, nikajifanya nachagua nyanya.

"Mshike mtoto vizuri, mdogo wangu," dada akaniambia. "Sina mwingine wa kumwachia."